Mbuzi akipewa ukoplo, mpagazi apewe nini?

Juni 16, 2006, katika kambi ya jeshi la Uingereza kisiwani Cyprus, lilifanyika gwaride la kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Malkia Elizabeth. Mabalozi na wageni wakubwa walikuwepo. Kikosi cha kwanza cha Royal Welsh kilipita mbele yao, na katika msafara alikuwepo koplo usu mmoja aitwaye William Windsor, maarufu kwa jina la Billy. Koplo huyu siku hiyo aliharibu. Aliamriwa ashike mstari akakataa. Aliamriwa aende mwendo wa wenzake akakaidi. Tena akataka kumpiga pembe mpiga ngoma. Baada ya gwaride akafunguliwa mashitaka ya utovu wa nidhamu na kukaidi amri, akafikishwa mbele ya kamanda wake, akavuliwa cheo na kuwa askari wa kawaida. Miezi mitatu baadaye, Septemba 20, katika gwaride la kukumbuka vita ya Alma ya mwaka 1854, alionyesha mwenendo mwema na akarudishiwa ukoplo wake.

Ndugu msomaji, huyo koplo alikuwa mbuzi. Si mtu aliyepachikwa jina la mbuzi, bali beberu hasa, mwenye pembe na ndevu zake. Na Kiswahili chetu kina utani wake, kwani neno beberu tunalijua kwa maana zake zote mbili.

Najua utacheka. Cheka tu, nami nilicheka. Wapo hata waliokasirika kwa niaba yake: kikundi kimoja cha kutetea wanyama huko Kanada kililalamika kwamba mbuzi yule alikuwa anafanya umbuzi wake tu, hivyo arudishiwe cheo. Lakini kicheko kikishaisha linabaki swali ambalo naona si la kuchekwa. Cheo ni kitu gani hata kiweze kuvishwa mbuzi? Na jeshi lililoweza kumwandikia mbuzi jalada, namba ya utumishi, mashitaka na msamaha, liliwaandikia nini binadamu waliokufa wakilibebea mizigo? Hayo ndiyo nataka tuyatazame leo.

WANYAMA WA KIKOSI

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Majeshi mengi duniani yana mnyama wa kikosi, ambaye wao humwita maskoti. Huyu si mnyama wa kazi kama mbwa wa kunusa mabomu au farasi wa kuvuta mzinga. Ni nembo iliyo hai. Kazi yake ni kutembea mbele ya gwaride, kupigwa picha na kuwapa askari kitu cha kujivunia.

Askari wa Wales wana mbuzi, na tangu mwaka 1844, enzi za Malkia Victoria, wengi wa mbuzi hao wametoka katika kundi la mbuzi wa kifalme. Kuna kikosi cha Kiingereza kilichochukua kondoo dume huko Kotah, India, mwaka 1858 wakati wa kuzima uasi wa Wahindi, na mpaka leo warithi wa kikosi hicho wana kondoo. Askari wa miguu wa Sri Lanka wana tembo aitwaye Kandula. Jeshi la wanamaji wa Marekani waitwao Marines wana mbwa. Legion ya Hispania, kikosi kilichoundwa mwaka 1920 kikapigana vita vya kikoloni Morocco dhidi ya Waislamu wa Rif waliokuwa chini ya Muhammad bin Abdulkarim al-Khattabi, huandamana na mbuzi aliyevishwa kofia mjini Madrid kila Oktoba 12.

Huko Uingereza kuna mnyama rasmi na kuna mnyama asiye rasmi. Asiye rasmi ni mfugo wa askari, wanamchangia wenyewe. Aliye rasmi ana namba ya utumishi, anakula na kulala kwa fedha za serikali na anatibiwa na madaktari wa mifugo wa jeshi. Wale wa Royal Welsh husema kabisa kwamba mbuzi wao si maskoti, ni mwanajeshi. Alipokuwa koplo usu, askari wa chini yake walitakiwa kusimama wima anapopita. Alipovuliwa cheo heshima hiyo ikasimama.

Aliyewapita wote ni ndege. Katika bustani ya wanyama ya Edinburgh, Scotland, yupo pengwini aitwaye Nils Olav. Mwaka 1972 askari wa kikosi cha kumlinda mfalme wa Norway walikwenda Edinburgh kwenye maonyesho ya kijeshi, wakampenda pengwini mmoja, wakamwandikisha kuwa koplo usu. Kila waliporudi walimpandisha. Mwaka 2005 akawa kanali wa heshima, 2008 akatunukiwa hadhi ya ‘Sir’ kwa idhini ya Mfalme Harald, 2016 akawa brigedia, na Agosti 2023 akawa meja jenerali. Si ndege yule yule. Wa kwanza alikufa, akaja wa pili, na sasa yupo wa tatu. Jina na cheo vinarithiwa. Ndege hajapata hata siku moja kupewa amri wala kutoa amri. Anakagua gwaride kwa kupita mbele yake akitikisa mabega, kisha anarudi kula samaki.

CHEO NI AMANA

Mtu anaweza kusema: ndugu, huu ni mchezo tu, mbona unautafutia makosa? Watu wana furaha, ndege ana samaki, nani kaumia?

Nakubali kwamba ni mchezo. Lakini mchezo nao una maana yake, na mara nyingi watu wanapocheza ndipo utajua wanachokithamini. Hakuna jeshi linalocheza na bendera yake, wala na hesabu ya risasi zake. Je, mbona linacheza na cheo?

Kwetu sisi cheo hakikuanzia kwenye heshima, kilianzia kwenye mzigo. Sahaba Abu Dharr, Allah amridhie, aliomba apewe uongozi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfahamisha kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto kwa asiyetekeleza haki yake. Abu Dharr alikuwa mtu mwema asiye na shaka. Hakunyimwa kwa ubaya wake. Alinyimwa kwa sababu cheo huulizwa kitu, na anayekibeba lazima aweze kujibu.

Qur’an nayo, katika Surat al-Ahzab, inatueleza kwamba amana iliwekwa mbele ya mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuibeba kwa kuiogopa, na mwanadamu akaichukua. Ikiwa milima ilikataa, mbuzi utamtwishaje? Mbuzi hawezi kukosa utiifu kwa kuwa hakuna ahadi aliyoitoa. Kumshitaki kwa kukaidi amri ni kumdai deni ambalo hakukopa.

Msomaji mwenye elimu anaweza kunisimamisha hapa. Atasema: mbona imepokewa katika hadithi kwamba Siku ya Kiyama hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe? Si ina maana kwamba huyo beberu wa Cyprus naye ana hesabu kwa kutaka kumpiga pembe mpiga ngoma? Ni swali zuri. Wanazuoni wameeleza kwamba kisasi hicho si cha taklifu, maana mnyama hana sharia aliyopewa. Ni kudhihirisha kwamba uadilifu wa Allah siku hiyo hautaacha kitu, hata kidogo kiasi hicho. Basi kama dhuluma ya kondoo kwa kondoo haitaachwa, je, ya mwanadamu kwa kondoo itaachwa? Na ya mwanadamu kwa mwanadamu? Hadithi ile haimpandishi mbuzi kizimbani peke yake. Inatutisha sisi tuliopewa akili.

UTETEZI WAO TUUSIKIE

Pamoja na hayo, uadilifu unataka tuusikilize upande wa pili, na upande wa pili una hoja yenye uzito. Hoja hiyo inaitwa Wojtek.

Mwaka 1942 askari wa Poland waliokuwa wametolewa kwenye magereza na kambi za Urusi ya Stalin walipita Iran. Wengi wao walikuwa wamepoteza nchi na hawakujua jamaa zao wako wapi. Huko wakampata mtoto wa dubu, yatima kama wao. Wakamlea kwa maziwa, wakamwita Wojtek, wakasafiri naye Iraq, Syria, Palestina na Misri. Ulipofika wakati wa kuvuka bahari kwenda Italia, meli ya Waingereza ikawa hairuhusu wanyama. Wakafanya nini? Wakamwandikisha jeshini. Akapewa jina kwenye orodha, namba na cheo cha askari wa kawaida wa kikosi cha 22 cha kusafirisha risasi za mizinga. Akapanda meli kama askari. Huko Monte Cassino, mwaka 1944, alionekana akiwasaidia wenzake kubeba masanduku ya mizinga, na kikosi kikafanya picha ya dubu aliyebeba kombora kuwa nembo yake.

Hapa cheo hakikuwa dhihaka wala majivuno. Kilikuwa mlango. Afisa wa bandari hana fungu la kumpa yatima wa msituni, lakini ana fungu la kumpa askari mwenye namba. Wale Wapoland walijua jambo ambalo kila mtu aliyewahi kupanga foleni ofisini analijua: serikali humlisha aliye kwenye orodha. Asiye kwenye orodha hayupo, hata kama amesimama mbele yako anakutazama.

Kwa hiyo sitasema kwamba kila anayemwandika mnyama jina ni mpumbavu. Hata Mtume wetu aliwapa wanyama wake majina. Ngamia wake al-Qaswa anajulikana, na nyumbu wake Duldul. Ngamia wake al-Adba alikuwa hashindwi mbio, mpaka alipokuja bedui na ngamia wake akampita. Masahaba wakaumia. Mtume akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Allah kutokipandisha kitu duniani ila atakishusha. Aliyasema hayo kwa utulivu, na ngamia hakuadhibiwa. Linganisha na yule kamanda wa Cyprus.

HAKI YA MNYAMA SI MEDALI

Sasa, kama mnyama hadaiwi, basi anadai. Ndivyo uislamu unavyoliweka jambo hili. Mwanamke aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Mtu alisamehewa kwa mbwa mwenye kiu aliyemnywesha maji kwa kiatu chake. Ngamia alimlalamikia Mtume juu ya bwana wake aliyemshindisha njaa na kumchosha. Katika habari zote hizo hakuna medali. Kuna chakula, maji na mzigo usiozidi nguvu.

Imamu Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, yaani zaidi ya miaka 750 iliyopita, aliandika haki za wanyama juu ya wanadamu. Miongoni mwake alitaja kwamba mwenye mnyama ni lazima amgharimie hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Hiki ndicho kipimo. Usinionyeshe mnyama akiwa amevishwa joho la gwaride. Nionyeshe siku gwaride likiisha.

Kwa kipimo hiki wengine wanafaulu. Billy alistaafu mwaka 2009, akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Whipsnade kumalizia uzee wake, na askari walijipanga kumuaga. Jackie, nyani wa kikosi cha Afrika Kusini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alijeruhiwa Aprili 1918 akakatwa mguu, akarudishwa kwao na kufa huko mwaka 1921. Kurudishwa alirudishwa, lakini nani alimuuliza nyani kama anataka kwenda kuona mizinga ya Ulaya?

Wengine wanafeli vibaya. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Dresden, baada ya kushambuliwa na Waingereza katika pwani ya Chile, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe. Nguruwe aliyekuwamo akaogelea, mabaharia wa manowari ya Glasgow wakamwokoa, wakamwita Tirpitz kwa jina la amiri wa Kijerumani, wakamfanya maskoti wao. Mwaka 1919 wakamnadi, akachinjwa kwa ajili ya kuchangia Msalaba Mwekundu. Kichwa chake kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita la London. Kwetu sisi nguruwe haliwi, lakini hoja yangu si nyama yake. Hoja ni kwamba jana alikuwa shujaa wa meli, leo ni kitoweo.

Naye Wojtek, baada ya vita nchi yake iliangukia mikononi mwa wakomunisti na askari wengi hawakurudi. Mwaka 1947 akawekwa kwenye bustani ya wanyama ya Edinburgh, akaishi nyuma ya kizuizi mpaka alipokufa mwaka 1963. Wapoland waliobaki uhamishoni walikuwa wakienda kumsemesha lugha yao. Walikuwa wamemzoesha bia na sigara, vitu ambavyo dubu hakuviomba. Mwaka 2018 huko Marekani, kozi wa Chuo cha Jeshi la Anga aitwaye Aurora, mwenye umri wa miaka 22, alijeruhiwa mabawa baada ya kuchukuliwa na wanafunzi wa chuo cha West Point kama utani kabla ya mechi. Mnyama akishakuwa nembo ya kundi, mahasimu wa kundi humwona yeye kuwa ndiye kundi. Heshima waliyomvika ndiyo iliyomponza.

WALIOINGIZWA MAHALI PA PUNDA

Mpaka hapa mtu anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya Wazungu na wanyama wao, sisi hayatuhusu. Yanatuhusu, tena kwa karibu kuliko unavyodhani.

Wakati nyani Jackie akiwa jeshini, hapa kwetu Waingereza na Wajerumani walikuwa wanapigana vita hiyo hiyo, kuanzia 1914 mpaka 1918. Jeshi linahitaji chakula na risasi, na kwa kawaida vitu hivyo hubebwa na farasi, nyumbu na punda. Lakini katika nchi hizi kuna mbung’o, na mbung’o aliwaua wanyama hao kwa maelfu. Mnyama alipokufa, mzigo haukutupwa. Ulihamishiwa kwenye kichwa cha mtu. Wanahistoria wanakadiria kwamba kwa pande zote Waafrika karibu milioni moja walitumika kubeba mizigo katika vita ile, na wengi hawakwenda kwa hiari. Kumbukumbu za Waingereza pekee zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wengi wa wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikuwa kama mara mbili ya hiyo. Hawakuuawa na risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga usiopikika ukaiva waliopewa watu waliozoea ndizi au wali.

Upande wa Waingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndugu yangu wa Dar es Salaam, unapokwenda kununua kitambaa Kariakoo, jina hilo ndilo unalolitamka. Na ndugu yangu wa Nairobi unapopita Kariokor, ni hilo hilo. Jina la kikosi limebaki sokoni. Ya watu wake yako wapi?

Yupo Askari wa shaba pale katikati ya mji wa Dar es Salaam, aliyesimamishwa mwaka 1927, bunduki mkononi, singe mbele. Kuna wenzake Nairobi na Mombasa. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu, yanayozungumzia watoto kukumbuka majina ya baba zao. Mimi nimelizunguka sanamu lile mara nyingi. Linazungumzia majina, na halina jina hata moja. Hapana Juma wala Mwita wala Petro. Wakati huo huo, makaburi ya askari wa Kizungu waliokufa katika ardhi hii yaliwekewa mawe, kila jiwe na jina lake, cheo chake na tarehe.

Haya si maneno ya mnung’unikaji. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba wafu wote watatendewa sawa, ilitoa ripoti juu ya nafsi yake. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Ripoti ile ilitaja ubaguzi kuwa miongoni mwa sababu.

Sasa turudi kwa mbuzi. Wapo watakaosema namwonea. Mbuzi kakosa nini? Kumpenda mnyama kunampunguzia nini mpagazi? Huruma si maji ya mtungi kwamba ukimnywesha mmoja mwingine atakosa.

Ni kweli, na mbuzi simlaumu. Wala sisemi avuliwe ukoplo ndipo mpagazi apate haki. Ninachosema ni kwamba jalada la mbuzi ni ushahidi. Siku zote tumeambiwa kwamba wapagazi hawakuandikwa kwa sababu walikuwa wengi mno, majina yao magumu, na karatasi zilipotea porini. Lakini wapagazi wa Waingereza walivishwa vibati vya namba shingoni. Namba ilikuwepo wakati wa kuhesabu mizigo. Ikapotea wakati wa kuhesabu makaburi. Himaya iliyoweza kutunza kumbukumbu za kondoo aliyechukuliwa Kotah mwaka 1858, na za nyani aliyekatwa mguu 1918, haiwezi kusema kwamba haikuwa na kalamu. Kalamu ilikuwepo. Ilichagua.

Wala haikuwa muhali. Januari 2025 huko Cape Town ilifunguliwa kumbukumbu ya watu weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika kazi za vita hiyo bila ya kaburi linalojulikana. Ina majina zaidi ya 1,700, kila mtu na lake. Imechukua zaidi ya miaka 100, lakini imeonyesha kwamba ukitafuta unapata.

Na hapa ndipo naona uzito wa kile Surat al-Israa inachotufundisha, kwamba Allah amewatukuza wanadamu wote. Hakumtukuza mwenye bunduki peke yake. Utukufu huo hautolewi na kamanda wala mfalme, kwa hiyo pia hawawezi kuuvua. Wapagazi wale hawakuwa chini ya mbuzi hata kwa dakika moja. Waliopungukiwa ni wale walioshindwa kuliona hilo.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, ni rahisi kumaliza kwa kuwanyooshea Waingereza kidole. Lakini nyani haoni kundule, na makala inayomlaumu mwenzako tu haijakusaidia kitu.

Sisi hatuvishi mbuzi ukoplo. Punda wetu wa mkokoteni tunamfanya nini? Nenda nje ya mji wanapobeba mchanga na maji, utamkuta ana kidonda mgongoni na bado anachapwa juu ya kidonda hicho hicho. Ni mzigo wa nani? Mara nyingi ni wa nyumba yangu na yako, na pengine hata wa msikiti unaojengwa. Kuku tunaowachinja kwa Bismillah wamefika sokoni wamefungwa miguu wakining’inia vichwa chini, na sisi tunajadili ukali wa kisu tu.

Na wapagazi je? Wapo mpaka leo, pale pale penye jina lao. Kijana anapita Kariakoo na marobota mgongoni, shingo imekakamaa, anapiga kelele apishwe. Tunamwita kwa mluzi. Tunamwita ‘wewe mzigo’. Tunamlipa huku tunatazama kwingine. Tunayo majina ya wachezaji wa Ulaya kumi na mmoja kwa kila timu, na anayetubebea jokofu hadi ghorofa ya nne hatumuulizi anaitwa nani. Dada wa kazi nyumbani, mlinzi wa getini, saidia fundi anayechanganya zege: hao wote ukiwauliza waajiri wao majina kamili, wengi watakwama kwenye la kwanza. Akianguka kutoka kwenye jengo, nani ataandika jina lake, na ataliandika wapi kama halikuwahi kuandikwa popote?

Kwa maoni yangu yapo mambo matatu ya kushika. La kwanza, mnyama asipewe cheo kuliko haki. Ale, anywe, apumzike na azeeke salama. Hayo yakitimia, jina la utani na joho la gwaride havitamdhuru. La pili, cheo tusikifanye pambo, maana anayekizoea kama pambo juu ya mbuzi hatashangaa kukiona kama pambo juu ya mtu asiyewajibika, na wa namna hiyo tunao wengi wasio na pembe. La tatu, mtu aandikwe. Mfanyakazi awe na mkataba wenye jina lake. Marehemu awe na kaburi linalojulikana na jamaa zake.

Na kwa wale walioondoka 1914 hadi 1918, muda bado upo, ingawa mchache. Wajukuu wao ni wazee wetu wa leo. Katika familia nyingi za Pwani na bara lipo simulizi la babu au mjomba aliyechukuliwa na vita akabeba mzigo asirudi. Muulize bibi kabla hajaondoka nalo. Andika jina, kijiji, na alichukuliwa na nani, Mjerumani au Mwingereza. Tume ile imeahidi kutafuta majina. Basi wasije wakafika mlangoni kuuliza, na sisi wenye damu yao tukawa hatuna la kuwapa.

Allah ndiye Mjuzi zaidi.